Kilomita Hewa: Hivi Ndivyo Unapima Njia ya Farasi Bila Kudanganya Wasee Wala Farasi

Unaijua hii stori. Mbogi ya watu watano mmepanda Ngong Hills, mmeshuka mkiwa hoi, na kila msee anatoa simu. Mmoja ako na kilomita 10.2. Mwingine 11. Yule wa saa ya bei ghali anasema 10.6 na anaongea kama hakimu. Mnabishana kidogo, mnapost ile ndefu zaidi, mnaenda kudishi nyama choma. Hakuna mtu ameumia.

Sasa weka farasi kwa hiyo stori. Umepanga safari ya kupanda farasi, watu wamelipa, jua la saa saba linawaka. Umewaambia maji iko kilomita 12 mbele. Kumbe ni 15. Farasi hana simu ya kukuonyesha. Hawezi kukuuliza, "Bado?" Ataendelea tu kwa sababu mwenye yuko juu ya tandiko amesema twende. Hizo kilomita 3 za uongo, yeye ndiye anazilipa.

Tumezoea kusikia wafanyakazi hewa. Hizi ni kilomita hewa: zile ziko kwa karatasi na haziko kwa ardhi, na zile ziko kwa ardhi na hakuna mtu alizihesabu. Kama wewe ni wa kupanga matukio, unafanya kazi ya kuongoza watalii, ama unaota kuanzisha safari za farasi pande za Naivasha au Laikipia, kaa hapa. Tunaenda hatua kwa hatua.

Kwanza, huu mchezo ni gani?

Wengi wetu tukisikia farasi tunafikiria Ngong Racecourse. Pale ni uwanja: umepimwa, umezungushiwa reli, na mbio inaisha kabla umalize soda. Hapa tunaongelea safari za masafa marefu, kwa njia za msituni, milimani na kwa mashamba.

Maarufu zaidi ni Tevis Cup ya California, Marekani. Mwaka wa 1955 msee anaitwa Wendell Robie na wenzake walitoka pande za Lake Tahoe kwa farasi, wakavuka milima ya Sierra Nevada hadi mji wa Auburn, yaani maili 100, kwa siku moja. Hiyo ni karibu kilomita 161. Mpaka leo sheria ni ile ile: una saa 24. Na kama wewe ni wa riadha, hii itakubamba: mwaka wa 1974 Gordy Ainsleigh aliingia kwa hiyo safari bila farasi. Alikimbia kwa miguu na akamaliza kwa saa 23 na dakika 42. Hapo ndipo mbio za Western States 100 zilizaliwa.

Marekani kuna chama kinaitwa AERC, kimekuwepo tangu 1972. Kwao, safari inaanza kuitwa ya masafa kamili ikifika maili 50, na unapewa saa 12 kuimaliza, mapumziko ndani. Kwa mashindano ya kimataifa, FEI ndio wanasimamia, na ngazi ya juu inafika kilomita 160 kwa siku moja. Njia inakatwa vipande, na hakuna kipande kinafaa kuzidi kilomita 40. Mwisho wa kila kipande daktari wa mifugo anakagua farasi: anatembeaje, maji mwilini yako aje, moyo unapiga vipi. Kwa miaka mingi kiwango cha FEI kimekuwa mapigo 64 kwa dakika. Moyo ukikataa kushuka kwa muda uliowekwa, safari yako imeisha hapo. Haijalishi wewe ni nani.

Cheki vile kila kitu hapo kimeegemea namba moja: umbali. Ukiukosea, kila kitu kingine kimekosewa.

Kwa nini ubishane na mita chache?

*Mwili wa farasi.* Kituo cha maji na cha daktari kinawekwa kulingana na umbali. Kipande cha kilomita 35 kikiwa 40 kwa ukweli, farasi amefanya kazi ya ziada kabla mtu yeyote amguse. Na wapandaji wazuri wanagawa nguvu za farasi kama vile wewe unagawa bando ya mwisho wa mwezi. Ukiwapa namba mbaya, wanagawa vibaya.

*Saa.* Piga hesabu. Safari ni ya kilomita 80, una saa 12. Umepanga kwenda kilomita 8 kwa saa, kwa hivyo saa 10 za mwendo, ongeza saa 1 ya mapumziko. Unabaki na saa nzima ya akiba. Lakini njia ikiwa 86 kwa ukweli, mwendo unakuwa saa 10 na dakika 45. Akiba imebaki dakika 15. Hapo ndipo mtu anaanza kumchapa farasi mbio wakati farasi amechoka, kwa sababu saa inamkimbiza. Na kosa halikuwa lake. Lilikuwa la aliyepima.

*Rekodi.* Kilomita za farasi zinawekwa kwa jina lake maisha yake yote. Mtu akitaka kununua farasi, ama kumwingiza kwa mashindano makubwa, anaangalia amewahi kumaliza umbali gani. Ukiandika 50 na alienda 45, umempa cheti cha mtihani hakufanya. Siku moja mtu ataamini hicho cheti.

Wezi watano wa kilomita

Kabla ushike kifaa, jua ni nani anakuibia.

1. Kona. Huyu ndiye mkubwa wao. Saa ya GPS haichori njia yako. Inaweka nukta, halafu inaunganisha na mistari iliyonyooka. Ikiwa kwa ile hali ya kuokoa betri, inaweza kuweka nukta kila baada ya sekunde kadhaa. Farasi akienda troti, yaani ule mwendo wa kudundadunda, kwa kilomita 12 kwa saa, sekunde 10 ni mita 33. Kwa njia ya mlimani inayojikunja kama nyoka, kona nzima inaweza kumezwa kati ya nukta mbili. Umbali unatoka mfupi kuliko ukweli.

2. Miti na mabonde. Simu ikiwa mahali wazi huwa inakosea kwa karibu mita 5 hivi. Iweke chini ya miti mikubwa ama kati ya kuta za bonde, mawimbi ya setilaiti yanazuiwa ama yanagonga ukuta kwanza ndio yafike. Nukta zinaanza kuruka kushoto kulia kama mlevi wa Ijumaa. Kila mruko unahesabiwa kama mwendo. Hapo umbali unatoka mrefu.

3. Kusimama. Farasi anakunywa maji dakika 15, wewe unapiga picha. GPS haijui mmesimama. Nukta inazungukazunguka hapo hapo na mita zinaongezeka. Hizi ndizo kilomita hewa kabisa.

4. Mstari wa kwa ramani. Umeketi kwa keja, umefungua Google Earth, umebonyeza nukta 40 ukachora njia ya kilomita 8. Inakaa fiti. Lakini umekata kila kona ndogo, na pale msituni hukuona njia, ulibahatisha. Ramani ni ya kupanga. Haitoshi kutangaza umbali.

5. Mlima. Huyu wasee wanamlaumu sana lakini mara nyingi wanamsingizia. Ramani inapima kama umeangalia kutoka juu, kwa hivyo mteremko unapunguka kidogo. Kidogo aje? Mlima wa asilimia 10, yaani unapanda mita 10 kwa kila mita 100, unakuibia mita 5 pekee kwa kilomita. Wa asilimia 20, karibu mita 20. Wa asilimia 30, ambao hata farasi anaunung'unikia, mita 44 hivi. Kwa hivyo mtu akikuambia ramani yake ilikosa kilomita 3 juu ya mlima, muulize kuhusu kona.

Vifaa: nini inafanya kazi, nini ni hewa

Nduthi. Najua ulishafikiria hii. Wachana nayo. Kilomita za kwa dashibodi zinategemea saizi ya tairi na vile imeisha, na namba huwa inaruka mita 100 kwa mara moja. Tena nduthi haipiti kila mahali farasi anapita. Itumie kubeba maji.

Gurudumu la kupimia. Ile ya kusukuma kwa mkono, wale wa barabara wanayo. Kwa lami ni moto. Kwa njia ya mawe, gurudumu dogo linaingia kila shimo na linaruka hewani likizunguka. Ukiitumia, chukua yenye gurudumu kubwa, tembea polepole, na itumie kwa vipande vifupi kama kutoka kambi hadi mahali pa kuanzia.

Baiskeli yenye kihesabio. Hii ndiyo siri ya wakubwa. Marathoni zinazotambulika duniani hupimwa kwa baiskeli yenye kifaa kinaitwa Jones Counter, kilichotengenezwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Alan Jones na mwanawe Clain. Kinahesabu mzunguko wa gurudumu, basi. Si lazima uwe nacho. Baiskeli ya mlimani yenye kihesabio cha kawaida itakufikisha mbali, bora uipime yenyewe kwanza. Tutafika hapo.

Saa ama kifaa cha GPS. Kizuri sana kama shahidi wa pili. Kiseti kiweke nukta kila sekunde 1, zima hali ya kuokoa betri, na kila mkisimama, bonyeza kisimame pia.

Farasi mwenyewe. Usicheke. Kabla ya GPS, wapangaji wengi walikuwa wanakadiria umbali kwa farasi wanayemjua mwendo. Farasi akitembea kawaida anaenda kilomita 6 hivi kwa saa, kwa troti 12 hadi 14. Haitoshi kuwa kipimo, lakini inatosha kukushtua. Kifaa kikisema kilomita 5 na farasi ametembea saa nzima na robo bila kusimama, kuna kitu hakiko sawa.

Form yenyewe, hatua kwa hatua

Hatua ya 1: Funga njia kwanza. Usipime njia ambayo bado mnabishania. Ongea na wenye mashamba, na wasimamizi wa msitu, amua geti ni gani na mto unavukwa wapi. Weka riboni. Halafu ndio upime.

Hatua ya 2: Pima baiskeli yako. Tafuta mahali pamenyooka, ardhi inayofanana na njia yako. Jaza tairi upepo. Weka alama ya chaki kwa tairi na chini. Panda, kwa sababu uzito wako unabonyeza tairi, na mwenzako asukume mpaka gurudumu lizunguke mara 10 kamili. Pima kwa tepu ya chuma. Si ya kitambaa, ile inavutika. Tuseme umepata mita 20.70. Mzunguko mmoja ni mita 2.07. Ingiza hiyo kwa kihesabio.

Unadhani ni kujisumbua? Ukiacha kihesabio kiseme 2.10 juu "ni sentimita 3 tu", ukifika kilomita 40 kwa kioo utakuwa umeenda 39.4. Umepoteza zaidi ya nusu kilomita kwa sababu ya sentimita 3.

Hatua ya 3: Hakikisha kwa mita 300. Na tepu ya mita 30, pima mita 300 zilizonyooka, weka vigingi. Pita hapo kwa baiskeli mara 4, andika kila jibu. Ukimaliza kupima njia yote, rudi upite tena mara 4. Asubuhi tairi ni baridi, mchana hewa imepanuka na gurudumu limekua kidogo. Tumia wastani wa asubuhi na jioni.

Hatua ya 4: Pita pale kwato zinapita. Kwa marathoni ya lami unapima njia fupi zaidi mkimbiaji anaweza kutumia, sentimita 30 kutoka ukingo kwa kona. Kwa njia nyembamba ya farasi, ufuate ule mstari wenyewe. Farasi akizunguka jiwe, zunguka jiwe. Pale njia ni pana, fuata vile riboni zinamwelekeza.

Hatua ya 5: Kata vipande. Hapa ndipo wengi wanalala. Usipime kilomita 40 mara moja ukaandika jibu moja. Kata kwa alama ambazo hazihami: geti, daraja, makutano ya murram. Andika kila kipande, vifaa viwili, kando kando. Tuseme umepata hivi:

- Kambi hadi mto: baiskeli 4.32, GPS 4.40
- Mto hadi makutano ya murram: baiskeli 6.18, GPS 6.21
- Makutano hadi kambi kupitia msituni: baiskeli 5.05, GPS 4.71

Jumla ya baiskeli ni 15.55. Jumla ya GPS ni 15.32. Tofauti ni asilimia 1.5 hivi, unaweza kusema iko sawa twende nyumbani. Hapana. Angalia kile kipande cha tatu: tofauti ni mita 340, karibu asilimia 7. Kosa limejificha kwa jumla kwa sababu kipande cha kwanza kilizidi na cha tatu kikapungua. Pale kwa mto mlisimama bila kuzima kifaa. Pale msituni kuna kona na miti. Kama hungekata vipande, hungejua.

Sheria rahisi: kipande kikitofautiana zaidi ya asilimia 1, rudi ukipime tena. Ndio, hata kama umechoka.

Hatua ya 6: Weka mabango. Kila kilomita 5, na kila mahali pa maji. Mpandaji akiona "Maji: kilomita 2" anajua kama amwache farasi atembee ama la. Hakikisha bango liko pale ulipopima, si pale mti mzuri wa kufungia ulipatikana.

Hatua ya 7: Pita tena siku moja kabla. Mvua ya usiku imebeba daraja? Mwenye shamba ametia geti kufuli? Ukihamisha njia, pima kipande hicho kipya tu, ubadilishe namba moja kwa orodha. Ndiyo maana ulikata vipande.

Je, uongeze kidogo ili usiwe mfupi?

Swali la maana. Kwa marathoni huwa wanaongeza mita 1 kwa kila kilomita, ili njia isije ikapatikana fupi na rekodi ikafutwa. Na wana sababu. Huko Uingereza, ilibainika kwamba Manchester Marathon ya 2013 hadi 2015 ilikuwa fupi kwa mita 380, na maelfu ya watu wakajua muda wao haukuwa wa marathoni. Brighton nao, mwaka wa 2021, waliwakimbiza watu mita 568 za ziada. Hawa ni wataalamu, na bado.

Lakini kwa farasi, kuongeza ongeza "ndio tuwe salama" si usalama. Mkimbiaji aliongezewa mita 500 atalalamika mitandaoni wiki nzima. Farasi aliongezewa kilomita 3 hatalalamika popote. Kwa hivyo lengo si ndefu wala fupi. Lengo ni ukweli. Umepata 38.6? Andika 38.6. Usiandike 40 kwa sababu inakaa poa kwa bango.

Na ukigundua umekosea?

Sema. Kabla ya safari ama katikati, sema. Kama bado hamjaanza, tangaza umbali mpya na usogeze muda wa mwisho. Kama wako njiani, ambia kila kituo, ongeza maji pale yanahitajika, na mwambie daktari, kwa sababu yeye ndiye anahitaji kujua huyu farasi amebeba kilomita ngapi. Kama safari imeisha, rekebisha matokeo hata kama kuna mtu atakasirika. Kwa mchezo huu wanasema kumaliza ndio kushinda. Basi lazima tujue kumaliza nini.

Beba hii ukienda

- Ramani ni ya kupanga, ardhi ndiyo ya kupima.
- Vifaa viwili, watu wawili, vipande vingi.
- Kona ndiye mwizi, mlima anasingiziwa.
- Mkisimama, kifaa kisimame.
- Asubuhi na jioni, rudi kwa mita 300.
- Andika namba uliyopata, si ile ulitaka.

Wiki ijayo mkishuka Ngong Hills na simu zenu tano, endeleeni kubishana, hiyo ni raha ya hike. Lakini siku utashika riboni na orodha ya kilomita, na farasi 20 wamefungwa kwa kambi wakisubiri kesho, kumbuka kuna mmoja kwa hiyo safari hatawahi kukuuliza imebaki ngapi. Mpimie vile ungetaka upimiwe wewe.